Shajara ya Mradi: Kutoka Prufu ya Kwanza hadi Nakala za Awali

Shajara hii inafuatilia kitabu kimoja, mwongozo wa ufugaji wa nyuki wenye kurasa 240, tangu mswada ulipofungwa hadi mpiga chapa aliporuhusiwa kusafirisha nakala. Imeandikwa kwenye dawati la uhariri kadiri kazi ilivyokwenda, na maingizo hayalingani kwa urefu kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa nzito mahali pengine na nyepesi mahali pengine.

Mwisho wa Januari: mswada umefungwa

Mswada uliohaririwa umekabidhiwa kwa msanifu kurasa pamoja na michoro, majedwali na orodha ya maamuzi ya tahajia. Kuanzia sasa hakuna atakayegusa faili la maandishi. Kila badiliko litapitia kwenye prufu, yaani kurasa za majaribio zinazotolewa ili zisomwe na kusahihishwa, na kuingizwa katika daftari la masahihisho, pamoja na jina la aliyeliomba na sababu yake. Mwandishi ameelezwa utaratibu huo na ameukubali, ingawa ameukubali kama waandishi wengi wanavyoukubali, yaani mpaka atakapoziona kurasa zimepangwa na kukumbuka yote aliyotaka kuyasema.

Ratiba imepangwa kwa kuhesabu kinyumenyume kutoka mwanzo wa Septemba, kitabu kitakapotoka rasmi. Wahariri wa safu za uhakiki huhitaji kupata nakala miezi mitatu au minne kabla ya kitabu kutoka, kwa hiyo nakala za awali hazina budi kutumwa mapema mwezi Mei. Kwa hesabu hiyo zitachapwa kutokana na prufu ya pili, ambayo bado itakuwa na makosa, na hiyo ndiyo hali ya kawaida ya kazi hii: nakala ya awali hutoka wakati usomaji wa prufu haujakamilika, na ndiyo sababu huandikwa jaladani kwamba haijasahihishwa kikamilifu.

Idadi ya kurasa 240 haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Karatasi itakayotumika, ikishachapwa pande zote mbili na kukunjwa, hutoa kurasa 16, na kurasa 240 ni makunjo 15 kamili. Tukihitaji ukurasa wa 241 tutakuwa tumefungua kunjo la kumi na sita ambalo karibu lote litakuwa tupu, na gharama yake ni ileile kama lingejaa maandishi. Nimelieleza jambo hili kwa mwandishi na kwa msanifu kwa sababu ndilo litakaloamua hatima ya mapendekezo mengi yatakayokuja baadaye.

Orodha ya tahajia ni fupi lakini ina mamlaka. Tutaandika "kwa hiyo" na "kwa sababu" maneno mawilimawili, "isipokuwa" neno moja, "asilimia" kwa herufi katika matini na kwa alama katika majedwali tu, na "nyuki vibarua" kila mahali, hata pale ambapo mwandishi katika sura za mwanzo alipendelea "nyuki wafanyakazi". Mengi kati ya maamuzi haya yangeweza kuwa kinyume chake bila hasara yoyote. Hasara huja pale kitabu kinapotumia yote mawili, kwa kuwa msomaji huanza kujiuliza kama kuna tofauti ya maana.

Mwanzo wa Februari: prufu ya kwanza

Prufu ya kwanza imefika, nasi tumeichapa kwenye karatasi upande mmoja. Najua kwamba wenzetu wengi sasa husoma prufu kwenye skrini na kuweka maoni ndani ya faili, na kwa prufu za baadaye nasi tutafanya hivyo. Lakini usomaji wa kwanza wa kulinganisha na mswada unahitaji pambizo pana, rula na kalamu.

Kabla ya kusoma neno hata moja tumepitia mambo ambayo msomaji makini huyakosa kwa kuwa anafuata maana. Kurasa ni kamili na zimefuatana. Namba za kushoto ni shufwa na za kulia ni witiri. Kila sura imeanzia ukurasa wa kulia. Majina ya sura kwenye vichwa vya kurasa yanalingana na yale yaliyo kwenye orodha ya yaliyomo. Kila tanbihi iko kwenye ukurasa ule ule wenye namba yake. Katika sura ya saba kichwa cha ukurasa bado kilikuwa cha sura ya sita, kurasa zote hadi mwisho wa sura. Kosa la namna hii humkimbia hata msomaji hodari, maana hakuna anayesoma kichwa cha ukurasa zaidi ya mara moja.

Kisha tukaanza kusoma kwa jozi. Mmoja anashika mswada na kusoma kwa sauti, pamoja na koma, nukta, mabano na herufi kubwa. Mwingine anafuatisha kwenye prufu huku rula ikifunika mistari iliyo chini. Ni kazi ya kuchosha, na haifai kufanywa kwa muda mrefu mfululizo kwa kuwa masikio huzoea sauti na kuacha kusikia. Faida yake kubwa imeonekana kwenye majedwali. Mswada unasema kwamba tangu yai kutagwa hadi nyuki kutoka kwenye sega, malkia huchukua siku 16, kibarua siku 21 na dume siku 24. Katika prufu, safu ya malkia na safu ya dume zilikuwa zimebadilishana tarakimu, kwa sababu jedwali lilichapwa upya badala ya kunakiliwa. Hakuna programu ya tahajia ambayo ingeliona kosa hilo, na msomaji anayesoma peke yake, bila mswada mkononi, angeona namba tatu zinazoelekea kuwa sawa na kuendelea. Mfugaji anayetegemea jedwali hilo kukadiria siku ya kutoka kwa malkia angekosea kwa zaidi ya juma zima.

Bado Februari: jinsi mistari inavyokatwa

Nimelitengea jambo hili ingizo lake kwa sababu limekula muda kuliko makosa mengine yote ya prufu ya kwanza. Programu ya kupanga kurasa ilikuwa imeachwa kwenye kanuni za Kiingereza, na kwa kuwa maandishi yamesawazishwa pande zote mbili, maneno mengi yamekatwa mwishoni mwa mstari kwa kufuata lugha isiyo yake. Tumepata "wakipam-bana" badala ya "wakipa-mbana", "mas-hina" badala ya "ma-shina", na, baya kuliko yote, "wanang'-ang'ania" badala ya "wana-ng'ang'ania". Mahali pengine herufi "m" ya "mzinga" imeachwa peke yake mwishoni mwa mstari, na msomaji anaukuta mstari unaofuata unaanza na "zinga".

Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo kanuni ya jumla ni kukata baada ya irabu na kuacha mb, nd, ng, nj, ny, sh, ch, dh, gh na ng' zikiwa kitu kimoja. Maneno ya mkopo yanahitaji uangalifu wake, kwani "mak-taba" na "daf-tari" hukatika vizuri hapo kwenye konsonanti mbili zilizokutana. Tumeamua mambo matatu: msanifu abadilishe mpangilio wa lugha, neno lolote lisikatwe kwa kuacha herufi chache kuliko tatu upande wowote, na mistari mitatu isifuatane ikiwa yote imeishia na kistari. Uamuzi wa kwanza pekee umeondoa karibu mikato yote mibaya, ingawa umeacha mistari kadhaa yenye nafasi pana baina ya maneno, ambayo tutaitazama mmoja mmoja.

Ritifaa, ile alama iliyo kwenye ng', nayo imetusumbua kwa namna isiyoonekana. Katika sehemu zilizochapwa na mwandishi mwenyewe, "ng'oa" na "ng'ombe" zina ritifaa iliyonyooka. Katika sehemu zilizopitia kwenye programu nyingine, zina ritifaa iliyopinda. Kwa jicho tofauti ni ndogo, lakini kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, na anayetafuta neno kwa umbo moja hatalipata pale lilipoandikwa kwa umbo la pili. Tungeliacha hivyo, faharasa ingekosa kurasa kadhaa bila mtu kujua. Zimesawazishwa zote kuwa zilizopinda, na badiliko hilo limeandikwa daftarini kama badiliko moja la kitabu kizima.

Mwisho wa Februari: nyekundu na buluu

Prufu ya mwandishi imerudi. Tulimwomba afuate desturi ya zamani ya wapiga chapa wa Uingereza, ambayo bado ina manufaa: kalamu nyekundu kwa kosa lililofanywa wakati wa kupanga kurasa, na buluu kwa badiliko analolitaka yeye mwenyewe au mhariri. Rangi hizo zinaamua nani atalipia. Mikataba mingi ya uchapishaji humruhusu mwandishi kufanya mabadiliko yake kwa gharama isiyozidi asilimia 10 ya gharama ya kupanga kurasa, na yanayozidi hapo hukatwa kwenye mrabaha wake. Prufu yetu imerudi ikiwa na wekundu mdogo na buluu nyingi.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu unaeleza ugumu wote wa hatua hii. Katika sura ya tano mwandishi amefuta neno "kundi" na kuandika pambizoni "jamii". Sentensi iliyopo inasema: "Kundi lililohama lisipopata makazi hutundika kwenye tawi huku likiwatuma skauti wake." Badiliko la neno moja linadai mabadiliko mengine matatu katika sentensi hiyo hiyo: "Jamii iliyohama isipopata makazi hutundika kwenye tawi huku ikiwatuma skauti wake." Mwandishi alibadilisha nomino na kuacha vitenzi kama vilivyokuwa. Tungelitekeleza agizo lake kama lilivyoandikwa, tungekuwa tumechukua sentensi sahihi na kuitia kosa la upatanisho wa kisarufi, kosa ambalo halikuwamo katika mswada wala katika prufu. Zaidi ya hayo, "kundi" limetumika katika kitabu kizima, na kulibadilisha kwenye ukurasa mmoja tu kungemfanya msomaji adhani kwamba jamii na kundi ni vitu viwili.

Nimeweka vitone chini ya neno lililofutwa, alama ya kale ya kuagiza kwamba lililofutwa libaki, na nimemwandikia mwandishi maelezo. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mhariri wangu, umeshinda hapo, lakini ukurasa wa 88 siuachii." Ukurasa wa 88 una kosa la kweli kuhusu moshi na hali ya hewa, na ulisahihishwa bila mjadala.

Hapa ndipo msimamo wangu kuhusu prufu ulipo. Katika hatua hii swali la kuuliza mbele ya kila pendekezo si kama sentensi ingekuwa nzuri zaidi, kwa kuwa karibu kila sentensi ingeweza kuwa nzuri zaidi. La kuuliza ni kama iliyopo ni ya uongo, inapotosha, inavunja sarufi au inakwenda kinyume na sehemu nyingine ya kitabu. Isipokuwa na mojawapo ya dosari hizo, inabaki. Kila badiliko baada ya kurasa kupangwa linafungua mlango wa kosa jipya, na kosa hilo jipya lina wasomaji wachache kuliko lile la zamani, kwa sababu linaingia wakati wengi wameshamaliza kusoma.

Mgogoro wa msahihishaji na mwandishi haukuanza leo. Hieronymus Hornschuch, aliyefanya kazi ya usahihishaji katika nyumba ya uchapaji mjini Leipzig, alitoa mwaka 1608 mwongozo wa wasahihishaji wenye jedwali la alama zao, na humo aliwaonya pia waandishi wanaotaka kazi zao zichapwe. Alama zimeshawekewa kiwango cha kimataifa, ISO 5776; maonyo kwa waandishi bado yanaandikwa upya kila mara.

Machi: masahihisho yanaingizwa

Prufu zote tatu, yaani ya mwandishi, ya msomaji prufu na ya dawati, zimeunganishwa kwenye nakala moja kuu, na hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa msanifu. Pale prufu mbili zilipotofautiana, uamuzi umefanywa hapa kabla ya kupelekwa. Msanifu hapaswi kuachiwa achague kati ya maagizo mawili yanayopingana. Hakuna zaidi la kuripoti.

Aprili: prufu ya pili na majina ya mafaili

Prufu ya pili haisomwi kama ya kwanza. Tunachukua nakala kuu na kuhakiki kwamba kila sahihisho limeingizwa, halafu tunasoma aya nzima lilimoingizwa na kutazama ukurasa huo na unaofuata hadi tuone mistari imerudi kuwa ile ile. Neno likiongezwa katikati ya aya, mstari wa mwisho unaweza kusukumwa hadi ukurasa wa pili na kubaki peke yake juu, kama yatima, na msanifu akiubana urudi, nafasi baina ya maneno hubadilika mistari kadhaa juu yake, na kwa kubadilika huko maneno mapya hukatwa kwa kistari. Tumekuta mahali ambapo sahihisho lilifanyika kikamilifu lakini mstari uliofuata ulipotea wote, na sentensi ikaruka kutoka nusu moja hadi nusu ya nyingine. Programu ya kulinganisha mafaili mawili iliuonyesha mara moja, na sasa tunaitumia kila prufu mpya inapokuja, si badala ya kusoma bali kabla yake.

Kuhusu mafaili nimeweka sheria isiyo na msamaha. Kila faili lina jina la kitabu, namba ya prufu na tarehe, na maneno kama "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho sahihi" yamepigwa marufuku. Mwaka 2010 toleo la Uingereza la riwaya ya mwandishi Mmarekani Jonathan Franzen lilibidi liondolewe sokoni baada ya kugundulika kwamba kilichopelekwa kuchapwa kilikuwa faili la kabla ya masahihisho ya mwisho, na nakala 80,000 zilikuwa zimeshachapwa. Wasomaji prufu wa kitabu hicho walikuwa wameifanya kazi yao. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba kilichotumwa ndicho kilichosomwa.

Sasa kwa kuwa kurasa zimetulia, faharasa imeanza kuandaliwa. Rasimu yake ya kwanza ilizidi nafasi iliyotengwa na ingetupeleka kwenye lile kunjo la kumi na sita. Imepangwa kwa safu mbili na herufi ndogo zaidi, na vidahizo vilivyokuwa na rejeo moja la kupita vimeondolewa.

Mei: nakala za awali zimetumwa

Nakala za awali zimechapwa kwa mashine ya kidijitali, ambayo inafaa kwa idadi ndogo, na karatasi yake ni nyembamba kidogo kuliko itakayotumika kwenye kitabu kamili. Jaladani imeandikwa kwa herufi koza: NAKALA YA AWALI, HAIJASAHIHISHWA KIKAMILIFU, HAIUZWI. Nyuma hakuna msimbo pau. Pamewekwa mwezi wa kutoka, idadi ya kurasa, ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu), na ombi kwamba yeyote atakayenukuu alinganishe nukuu yake na kitabu kamili. Mahali pa faharasa pana ukurasa mmoja unaosema kwamba faharasa itakuwamo. Waliopendelea nakala ya kusomea kwenye skrini wamepelekewa faili lenye jina la mpokeaji kwa rangi hafifu kwenye kila ukurasa, kama kinga dhidi ya kusambazwa.

Orodha ya wapokeaji ina makundi ambayo hayahitaji barua moja. Wahakiki wanahitaji tarehe ya kutoka na ahadi kwamba watapata kitabu kamili. Wauza vitabu na wakutubi wanataka kujua kitabu kinamfaa nani na kitakaa kwenye rafu ipi. Kundi hili halipaswi kudharauliwa, kwani Virginia Kirkus alipoanzisha huduma yake ya uhakiki nchini Marekani mwaka 1933, kazi yake ilikuwa kusoma prufu alizopewa na wachapishaji ili wauza vitabu wajue mapema cha kuagiza. Kundi la tatu ni wafugaji na walimu wa ufugaji, ambao tumewaomba kitu kingine kabisa: wasitusifu, watuambie palipo na uongo.

Nilisisitiza barua ya kundi hili iwe na maswali mahususi, kila mmoja akipewa sura anazozimudu. Msomaji anayeombwa "maoni yake kwa jumla" hurudisha pongezi na makosa ya koma. Anayeulizwa kama hatua za kugawa kundi katika sura ya tano zinaweza kutekelezwa na mtu asiye na msaidizi, huenda akajaribu kuzifanya.

Mwanzo wa Juni: majibu

Majibu yamekuja kwa wingi kuliko nilivyotarajia, na kazi imekuwa kuyapanga. Makosa ya chapa yaliyotajwa mengi yalikuwa yameshasahihishwa kwenye prufu ya tatu. Yameandikwa hivyo na kufungwa. Matakwa, kama lile la kuongeza sura nzima kuhusu nyuki wasiouma, yamehamishiwa kwenye faili la toleo la pili. Wasomaji wawili wamepingana kuhusu mpangilio wa sura za mwisho, mmoja akitaka mavuno yatangulie magonjwa na mwingine kinyume chake, nami nimeshukuru kwa kuwa kupingana kwao kumetuondolea wajibu wa kufanya lolote.

Lililobaki ni dogo kwa idadi lakini ndilo lililohalalisha nakala zote. Kwenye ukurasa wa 31 kuna michoro miwili sambamba, mmoja wa kibarua na mwingine wa dume. Mfugaji mmoja ameandika kwamba maelezo yaliyo chini ya michoro hiyo yamebadilishana: mchoro unaoitwa wa kibarua una macho makubwa yanayokutana juu ya kichwa na tumbo butu lisilo na mwiba, nazo ni sifa za dume. Ana haki. Maelezo yalikuwa yamebadilishana tangu michoro ilipowasilishwa, kwa hiyo mswada na prufu vililingana kikamilifu, na kusoma kwa jozi, ambako huuliza tu kama prufu inafanana na mswada, kusingelifichua kamwe. Lilihitaji mtu anayemjua nyuki mwenyewe.

Kati ya wahakiki, mmoja ametuma maneno mazuri kwa ajili ya jalada. Idara ya mauzo ilitaka kuondoa kishazi cha katikati, kinachosema kwamba sura ya sheria ni fupi mno, na kuweka nukta tatu mahali pake. Nimekataa. Ama tutaichapa sentensi nzima, ama tutachukua sentensi nyingine isiyo na sharti, na kwa vyovyote mwenye maneno ataonyeshwa yatakavyotokea. Tumechukua sentensi nyingine.

Mwisho wa Juni: prufu ya mwisho na jalada

Jalada lina maneno machache kuliko ukurasa wowote wa kitabu, na kwa sababu hiyo hiyo husomwa kwa uzembe. Tumelisoma herufi kwa herufi, kuanzia mgongoni. Unene wa mgongo hupatikana kwa kuzidisha idadi ya karatasi kwa unene wa karatasi moja: kurasa 240 ni karatasi 120, na kwa karatasi yenye unene wa milimita 0.1 tunapata milimita 12, bila kuhesabu jalada lenyewe. Msanifu alikuwa amepima mgongo kwa karatasi nyembamba ya nakala za awali, kwa hiyo jina la kitabu lisingekaa katikati ya mgongo, na ukingo wa picha ya mbele ungevuka kona na kuingia mgongoni. Kosa limerekebishwa, na picha ya mbele imeongezwa milimita 3 nje ya mpaka wa kukatia ili kisu kikiyumba kidogo usionekane ukingo mweupe.

ISBN imehakikiwa kwa hesabu yake. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Ukizidisha tarakimu hizo kwa zamu kwa 1 na 3 na kujumlisha, jumla lazima igawanyike kwa 10. Hesabu hiyo hunasa kosa lolote la tarakimu moja, lakini hainasi tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi ikiwa tofauti yake ni 5, kama 2 na 7. Kwa hiyo, baada ya hesabu, mmoja ameisoma kwa sauti kutoka kwenye hati ya usajili huku mwingine akiitazama kwenye jalada, na tena kwenye ukurasa wa hakimiliki, na msimbo pau umesomwa kwa kifaa chake kutoka kwenye karatasi iliyochapwa.

Mwandishi ameomba sentensi moja iongezwe kwenye shukrani. Ukurasa ulikuwa na nafasi, jina lililosahaulika lilistahili kuwapo, na hakuna mstari mwingine uliosogea. Imeongezwa.

Julai: nakala za kwanza kutoka kwa mjalidi

Nakala chache zilizokamilika zimetangulizwa kabla ya shehena, kwa ajili ya ukaguzi. Hatuzisomi, muda wa kusoma umepita. Tunakagua kitu kilichoundwa: mpangilio wa makunjo, gundi, ukataji, wino uliopauka, maandishi ya upande wa pili yanayoonekana kupitia karatasi.

Katika nakala moja, kurasa za 97 hadi 112 zimo mara mbili na zile za 113 hadi 128 hazimo kabisa. Ni kunjo zima la kurasa 16, kosa la kukusanya makunjo kabla ya kujalidi. Kila kunjo huwa na alama ndogo nyeusi mgongoni, ikishuka hatua moja kwa kila linalofuata, hivi kwamba kitabu kilichokusanywa vizuri huonyesha ngazi isiyokatika. Kunjo likirudiwa au kuruka, ngazi huvunjika na fundi huiona bila kufungua kitabu. Jalada likishabandikwa, ngazi hufunikwa. Kiwanda kimeagizwa kukagua vitabu vyote vilivyokwisha kubandikwa kwa kufungua ukurasa wa 113, na shehena imezuiliwa hadi taarifa ya maandishi itakapokuja.

Taarifa imekuja: nakala zenye kasoro zimetengwa, zitabadilishwa, na hazitahesabiwa kwenye ankara. Ruhusa ya kusafirisha imetolewa. Wahakiki waliopata nakala za awali watapelekewa kitabu kamili pamoja na orodha ya kurasa ambazo maudhui yake yamebadilika, ukurasa wa 31 ukiwa wa kwanza. Faili la toleo la pili limefunguliwa, nalo tayari lina sura ya nyuki wasiouma, sura ya sheria inayohitaji kurefushwa, na koma moja ya ukurasa wa 204.